Bi Mwaija na Uso Usiofunuliwa

Alhamisi, tarehe 15 Mei 2025. Manyunyu yalianza kabla ya adhana ya alfajiri, mvua kubwa ikashuka saa mbili na robo, na ilipotimu saa nne jua lilikuwa limeshatoka, kali, kama lililotukanwa. Bi Mwaija binti Twalha aliitoa miyaa yake tena, akaianika juu ya kitanda cha kamba kilichokuwa uani, akakaa kwenye kigoda na kuendelea kusuka ukili wa mkeka alioanza Jumapili. Alijua siku haitapita kimya. Tangu juzi Swaumu, aliyeishi naye nyumba moja, alikuwa amemwambia, "Yule mtoto atakuja. Na safari hii haji kutusalimia."

Mtoto mwenyewe alikuwa Lulu, msichana wa miaka ishirini na minne, binti wa marehemu Zuhura aliyekuwa akiuza mananasi sokoni Bagamoyo. Kilichokuwa kikimleta ni swali moja alilolibeba tangu mama yake alipozikwa, siku thelathini na nane zilizopita. Kesho yake, Ijumaa, ndiyo ingekuwa arobaini, ukihesabu na siku ya kifo.

Bi Mwaija ni mwosha. Mwanamke akifa katika mtaa ule na mitaa ya jirani, hadi Mbegani, mtu hutumwa kwake kabla hata jeneza halijatolewa msikitini. Alizaliwa Mkange miaka sitini na moja iliyopita, katika nyumba ya wakulima, akaletwa Bagamoyo na ndoa, mke wa Mtoro fundi wa kuezeka. Mama mkwe wake, Bi Mwanajuma, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa mwosha wa zama hizo. Mwaka wa tatu wa ndoa alimkabidhi mkwewe ndoo, akasema, "Leo utanichotea maji." Hakumwuliza kama anaogopa. Bi Mwaija alichota maji miaka sita kabla ya kuruhusiwa kushika kata.

Ana taratibu zake, na hazibadilishi kwa tajiri wala kwa maskini. Maji huyapima kwa kifundo cha mkono, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Yakiwa baridi huyarudisha jikoni. Kata yake ni ya kifuu cha nazi, mpini wake umekatika mara mbili na mara mbili ameubadili mwenyewe. Na maiti humsemesha. "Nakunyanyua mkono, dada yangu. Sasa nakugeuza." Siku moja Swaumu alimwuliza anasema na nani hali mwenyewe hasikii. Alijibu bila kuinua macho, "Mwenyewe hasikii, lakini Aliyemwumba anasikia. Unataka anione namgeuza mja wake kama gunia la mihogo?"

Huyo Swaumu ni mke mwenzake. Mtoro alimwoa mwaka wa kumi na mbili wa ndoa ya Bi Mwaija. Wanawake wale wawili walinuniana miaka minne, wakapatana kwa kumwuguza mume mmoja, na Mtoro alipofariki, miaka tisa sasa, hakuna kati yao aliyeona sababu ya kuhama. Mpaka leo mmoja humwita mwenzake "bi mkubwa," na mwenzake hujibu "bi mdogo," ingawa bi mdogo mwenyewe amekwisha kuwa na wajukuu watano. Bi Mwaija ndiye anayeosha, Swaumu humshikia na kummiminia.

Lakini kinachowashangaza watu zaidi ya yote ni mdomo wa Bi Mwaija. Kila anapotoka kuosha, wanawake humzunguka. Uso ulikuwaje? Alitabasamu? Viungo vililegea? Jibu lake ni moja tangu aanze kushika kata, "Ameshatoharika. Muombeeni." Halizidi, halipungui. Mwaka mmoja alifariki bibi wa nyumba kubwa, mcha Mungu aliyejulikana mji mzima, na wanawe walitaka sana isemwe kwamba uso wake uling'aa. Wakampelekea ustadhi Bilali azungumze naye. Ustadhi akamweleza kwa upole kwamba mwosha akiona jema, si vibaya kulitaja. La kusitiri ni baya.

"Najua, ustadhi," alisema Bi Mwaija. "Lakini nikisema leo uso wa huyu uling'aa, kesho nikamnyamazia yule, si nitakuwa nimemsema yule?"

Ustadhi Bilali alitikisa kichwa, mwisho akaomba maji ya kunywa.

Hata barazani, mazungumzo yakielekea kwa waliokufa, Bi Mwaija husimama na kusema chungu chake kinaungua. Watu wameshamzoea. Wenye utani husema hata mchana wa Ramadhani chungu cha Bi Mwaija huungua.

Sasa Zuhura. Huyu alikuwa mwanamke wa sauti. Alikuwa akienda Kiwangwa mwenyewe kuchagua mananasi shambani, na mtu akimwekea bovu chini ya mzigo mji wote ulijua. Alikuwa na ulimi wa kuchoma, lakini mgonjwa hakukosa nanasi kutoka kwake. Na alijipenda. Hakuna aliyewahi kumwona bila wanja. Moto ulipowaka jikoni kwa jirani, saa kumi na moja alfajiri, watu wote walitoka na nguo za kulalia. Zuhura alitoka na ndoo ya maji mkononi na poda usoni.

Miaka miwili kabla ya kufa alikuja kwa Bi Mwaija mchana na mananasi mawili, akauliza kama Swaumu yupo, akaambiwa hayupo, akafunga mlango kwa kisigino. Alianza kwa kucheka, kisha kicheko kikamkauka. Alimweleza jambo lake moja, na hapa halitaandikwa. Lilikuwa dogo. Halikuwa dhambi, wala uchawi, wala maradhi ya kuficha. Lilikuwa jambo la mwanamke aliyependa kuonekana mzuri, na likijulikana sokoni wangecheka wiki nzima, kisha wangelifanya jina lake.

"Siku yangu ikifika, Mwaija, uso wangu usimfunulie mtu. Hata mwanangu."

"Mwanao ana haki, Zuhura."

"Mwanangu ndiye wa kwanza. Huyo ndiye nimemficha zaidi. Na usiseme kama nilikuomba. Ukisema nilikuomba watauliza kwa nini, na wenye akili watajua. Niahidi."

Bi Mwaija akaahidi. Akala nanasi moja, jingine akampa Swaumu aliporudi, na hakumwambia limetoka kwa nani.

Zuhura alifariki Jumatatu ya tarehe 7 Aprili, ghafla, akiwa anapanga mananasi. Nyumba ilipojaa watu na ufuo, lile shimo la kupokea maji ya kuoshea, ulipokwisha kuchimbwa, Bi Mwaija aliingia chumbani na Swaumu. Lulu akawafuata. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni na kukunja mikono ya gauni, tayari. Maana kwa desturi ya watu wale binti humwosha mama yake, au angalau humshika miguu. Bi Mwaija alimtazama, akakumbuka ahadi.

"Machozi yako yatamwangukia, mwanangu," alimwambia. "Nenda kakae na wenzio."

Lulu alikuwa analia, ni kweli. Akatoka.

Baadaye Bi Mwaija akaonja maji ya ndoo mbili zilizoletwa, akakuta ni ya kisima na yana chumvi, akaamuru yamwagwe yaletwe ya bomba. Watu waliokaa nje wakaona ndoo zinatoka, ndoo zinaingia. Na ilipofika wakati wa kuagana, ambapo katika mtaa ule sanda hufunuliwa usoni na jamaa wa kike hupita mmoja mmoja, walikuta sanda imeshafungwa juu na chini.

"Tayari," alisema Bi Mwaija. "Tumfikishe."

Matanga hayajaisha, maneno yalikuwa yameshafika sokoni. Uso uligeuka. Maji yalimkataa, ndoo nne. Ndiyo malipo ya ulimi. Mwosha mwenyewe aliogopa, akamfukuza mtoto asije akazirai. Bi Mwaija aliieleza ile habari ya chumvi kwa kila aliyemwuliza habari za ndoo, na kila aliyeelezwa aliitikia "aaa" na asiamini.

Lulu akaacha kwenda kwenye meza ya mananasi. Wanawake walikuwa wakinyamaza akifika, na kunyamaza kule kulimchoma kuliko maneno. Lakini lililomwumiza zaidi ni kwamba alishindwa kumwombea mama yake. Kila alipoinua mikono na kufumba macho aliuona uso ambao hakuonyeshwa, na uvumi ulikuwa umeupa sura za kila namna. Mikono ikashuka. Siku thelathini na nane, hata Fatiha haikufika mwisho.

Hayo Swaumu aliyajua, na asubuhi ile aliyarudia kwa mara ya saba, huku anapeta mchele.

"Bi mkubwa, mimi na wewe tulikuwamo. Hakuna lolote la ajabu. Ni kitu cha kuchekesha tu, tena Zuhura mwenyewe angekuwa hai angecheka."

"Angekuwa hai asingecheka. Alikuja hapa kuniomba."

Neno likawa limeshatoka. Swaumu akashusha ungo.

"Kumbe alikuomba!"

Bi Mwaija akauma mdomo. Katika miaka yote ile hilo lilikuwa neno la kwanza kumponyoka. Aliweka ukili chini, akasema astaghafirullah mara tatu, polepole, kisha akamwambia, "Bi mdogo, umelisikia na umelizika."

"Nimelizika. Lakini mtoto hasali, bi mkubwa. Neno moja tu, alale."

"Na Zuhura naye alale vipi?"

"Zuhura kafa!"

"Ndiyo. Hawezi kuja kujitetea."

Swaumu akachukua ungo wake kwa hasira, chuya zikamwagika. "Wewe wakikupeleka peponi watakupeleka na kufuli mdomoni," alisema. Bi Mwaija akaokota ukili wake. Ukweli ni kwamba hakuwa na raha hata kidogo. Kwa muda wa mwezi mzima, baada ya kila sala, alikuwa akimwombea Zuhura, kisha akikaa juu ya mkeka na kujiuliza kama kumsitiri aliyekufa ndiko kunakomwua aliye hai. Alisuka tu.

Saa tano kasoro hodi ikapigwa.

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, Bi Mwaija. Shikamoo, Bi Swaumu."

"Marahaba," wakaitikia pamoja. "Kaa."

"Sikai." Lulu alisimama katikati ya ua, matope kwenye kandambili, kitambaa kimefungwa ovyo. Alikuwa amekonda. "Kesho ni arobaini. Mjomba Adamu ameshanunua mchele na mbuzi. Wasomaji wameshaalikwa. Nimekuja kukuuliza mara ya mwisho, na kama sina jibu nakwenda kumwambia mjomba avunje shughuli. Mimi siwezi kukaa pale anasomewa mtu nisiyejua amekwendaje."

"Alivyokwenda anajua Mola wake, Lulu. Mimi sijui."

"Uliuona uso."

"Niliuona."

"Ulikuwaje?"

"Mama yako ametoharika. Muombee."

"Hilo unamwambia kila mtu!"

"Ndiyo. Kila mtu."

"Basi ya sokoni ni kweli!"

Swaumu akafungua mdomo.

"Bi mdogo," alisema Bi Mwaija, "chungu kinaungua."

"Chungu gani? Hatujabandika—"

"Kinaungua."

Swaumu akaingia ndani, akisonya kwa mdomo wote. Lulu alikuwa analia sasa, bila kujifuta.

"Hata kumwosha ulininyima," alisema. "Mtu ana mama mmoja. Nilikuwa nimeshakunja mikono. Ukanitoa kama mtoto aliyevunja gilasi. Ningemwosha mimi, wangesema watakalo, mimi ningejua. Umeninyima mimi, sasa unaniambia muombee, muombee."

Mikono ya Bi Mwaija ikasimama. Kwa siku thelathini na nane alikuwa akilizungusha jambo hili kichwani akitafuta neno la kusema na neno la kuacha, na kumbe mlango ulikuwa upande mwingine. Kuufunika uso kulikuwa ahadi. Kumtoa binti wa watu chumbani hakukuwa ahadi ya mtu. Hilo alilitengeneza yeye, kwa urahisi wake, na juu yake akaweka kisingizio cha machozi. Angeweza kumshikisha Lulu miguu, na uso ukabaki umefunikwa kitambaa. Hakulifikiria. Aliona njia fupi, akaipita.

Akasimama. Magoti yalilia.

"Lulu, hapo nina kosa," alisema. "Machozi yalikuwa kisingizio. Nilikunyima haki yako, na haki ya mtu haisamehewi kwa istighfari peke yake, mpaka mwenyewe asamehe. Sikuombi unisamehe sasa. Ngoja kwanza nikulipe ninachoweza."

"Utanilipa nini? Mama ameshazikwa."

Bi Mwaija akakunja miyaa yote iliyokuwa juu ya kitanda cha kamba, akaiweka ukutani. Akaingia ndani, akatoka amevaa kaniki kuukuu, kanga amejifunika kichwa, ndoo mkono huu, kata mkono huu. Akayagusa maji kwa kifundo cha mkono. Kisha akapanda kitandani, akajilaza chali, akanyoosha miguu.

Swaumu akatokeza mlangoni. "Mama yangu! Unajilaza mzima mzima kama maiti kwenye kitanda cha kuoshea? Unamwita Izraili aje leo leo?"

"Izraili ana orodha yake, hahitaji kuitwa. Lete ndoo ya pili. Maji ya bomba." Akafumba macho. "Lulu, shika kata. Mwosha huoshwa. Anza na mimi."

Lulu, labda kwa kuchoka, labda kwa hasira, akashika kata.

"Sema bismillahi. Kwanza utanitia udhu. Mkono wa kulia. Usinimwagie kama unamwagilia mchicha. Weka kiganja chako kwanza, maji yapite juu ya kiganja. Hivyo. Hivyo ndivyo nilivyomfanyia mama yako. Nilimwambia, Zuhura, nakuanzia mkono wa kulia."

Lulu akamwagia. Mara ya kwanza alimwagia kwa kisirani, maji yakamwingia Bi Mwaija sikioni. Mara ya pili maji yakapita polepole.

"Bega la kulia. Ubavu wa kulia mpaka unyayo. Sasa nigeuze. Utaweka mkono chini ya shavu langu, nisijigonge kwenye mbao. Mama yako nilimwekea mkono huu wa kushoto, ukafa ganzi, sikuutoa. Nilimwambia, Zuhura, nakugeuza, usiwe na wasiwasi, mwanao yuko nje, yuko salama."

"Ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia."

Kata ikatulia hewani kidogo, ikaendelea. Walikwenda hivyo mara moja, mara mbili. Bi Mwaija alimpa kila kitu, hakubakiza. Mahali alipotia karafuu maiti, na kiasi gani. Namna alivyozisuka nywele za Zuhura mafungu matatu, na fungu la kushoto lilivyomkatalia. Nguo tano za sanda, ipi ilitangulia. Hata jinsi yeye na Swaumu walivyogombana kwa kunong'ona juu ya pamba. Lulu aliuliza na alijibiwa. Alipokosea alirudishwa. Kidogo kidogo mikono yake ikawa inajua inakokwenda.

Wakafika usoni.

"Na hapa?" Sauti ya Lulu ilikuwa ndogo.

"Hapa nilipitisha maji kwa kiganja mara tatu. Kisha nikampaka marashi kwenye paji, anaposujudia."

"Na ulipomtazama?"

Bi Mwaija alikuwa bado amefumba macho. "Nilichofanya ni changu, Lulu, na nimekupa chote. Nilichoona ni chake. Hata kiwe kizuri cha kukufurahisha, ni chake. Siwezi kukupa mali ya mama yako."

Lulu alibaki na kata mkononi. Ungedhani ataitupa. Badala yake alichota maji, akanyoosha mkono kumwosha Bi Mwaija kichwa, kama alivyofundishwa, na kanga iliyolowa ikateleza.

Ikateleza yote, mpaka begani. Lulu akaona kilichokuwa chini yake. Ni kitu ambacho Bi Mwaija hakumwonyesha mtu tangu usichana wake. Mumewe Mtoro alikijua, na Mtoro alikwenda nacho. Swaumu, aliyekaa naye nyumba moja miaka ishirini na sita, hakijui mpaka leo. Bi Mwaija alifumbua macho, akainua mkono, lakini amechelewa, mkono umelowa na kanga iko mbali.

Wakati uleule Swaumu akatokeza na ndoo ya pili. "Nimekuja, jamani, msinimalizie mke mwenzangu—"

Lulu akaivuta kanga. Hakufikiri, mkono ulikwenda wenyewe, haraka, ukaifunika ile sehemu na kuibana chini ya kidevu cha Bi Mwaija, kama mama anayemfunika mtoto upepo unapovuma. Na mwenyewe akasogea akasimama katikati, mgongo wake kwa Swaumu.

"Nini?" akauliza Swaumu. "Kuna nini?"

"Hakuna," alisema Lulu. "Tunaosha."

Swaumu akatua ndoo, akawatazama wote wawili, akaona hapana nafasi yake, akarudi ndani kwa chungu ambacho hakikuwapo.

Maji yalitiririka chini ya kitanda, yakifuata njia ya mvua. Lulu alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe, jinsi ilivyoibana ile kanga.

"Mama alikuwa na kitu," alisema mwishowe. Hakuuliza.

Bi Mwaija hakuitika wala hakukana.

"Kilikuwa kikubwa kuliko hiki?"

Bi Mwaija akafumba macho tena.

"Hutasema."

"Sitasema."

Lulu akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko, akaketi kwenye ukingo wa kitanda na kuinamisha kichwa juu ya kifua kilicholowa cha Bi Mwaija. Bi Mwaija alimwekea mkono kichwani. Walikaa hivyo mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Lulu alipoinuka alisema jambo moja tu, "Nimekusamehe, Bi Mwaija." Kisha akaomba maji, akatawadha, akasali palepale uani juu ya mkeka ambao haujamalizika, na baada ya sala mikono yake iliinuka ikakaa juu muda mrefu. Swaumu alimchungulia dirishani. Fatiha ya Lulu ilifika mwisho.

Uvumi haukufa siku ile. Sokoni bado kuna anayeuza ule wa ndoo nne. Lakini jioni mjomba Adamu alipopita kuuliza kama shughuli ipo, Lulu alimjibu kwamba ipo, na kwamba mchele hautoshi, aongeze.

Kesho yake, Ijumaa, kabla jua halijapanda, simu ikatoka Mbegani: kuna bibi mzee amefariki, maziko ni kabla ya sala ya Ijumaa. Bi Mwaija alikuwa bado juu ya mswala. Akamaliza nyiradi zake, akakunja, akaweka kwenye kikapu sabuni, pamba, karafuu maiti na marashi. Akatwaa kata yake. Akafikiri kidogo, akarudi jikoni kuchukua na ya pili, ile ya Bi Mwanajuma, iliyotundikwa miaka mingi bila kutumika, akaisuuza. Swaumu alikuwa na homa ya mvua, akasema leo magoti hayamchukui.

"Sikukuita," alisema Bi Mwaija.

Alipita kwa Lulu, akabisha. "Lulu. Chukua ndoo. Leo utanichotea maji."

Hakumwuliza kama anaogopa. Lulu akatoka na ndoo.

Mbegani walifanya kazi mpaka saa nne; arobaini ya Zuhura ilikuwa ya alasiri. Binti wa yule bibi, mama wa makamo aliyekuwa akilia kwa kwikwi, alitaka kutoka mwenyewe. Bi Mwaija akamshika mkono, akamsogeza upande wa kichwani na kumpa kata ya kwanza. Walipomaliza, Lulu ndiye aliyetangulia kutoka kumwaga maji, na wanawake waliokuwa ukumbini wakamzunguka, kwa kuwa alikuwa mgeni na kijana, na mgeni huenda akasema.

"Haya mwanangu, alikuwaje bibi yetu? Uso ulikuwaje?"

Bi Mwaija alikuwa bado ndani, anakamua kitambaa. Akaacha kukamua, akasikiliza.

"Ameshatoharika," ilisema sauti ya Lulu. "Muombeeni."

Bi Mwaija akamaliza kukamua kitambaa, akakikung'uta mara mbili, akakianika juu ya kamba dirishani. Akafuta kata zote mbili kwa upindo wa kanga yake, akatia moja kikapuni, na ile ya Bi Mwanajuma akatoka nayo mkononi kumpa Lulu.